Adrian Atiman, Katekista na Mganga wa Karema

Jimbo letu la Mpanda liliundwa mwaka 2000. Lakini mbegu yake ilipandwa zamani huko Karema, kando ya ziwa Tanganyika. Katika waliopanda, hatuwezi kumpita Adrian Atiman.

Alizaliwa yapata mwaka 1866 karibu na mto Niger, katika nchi iitwayo leo Mali. Akali mtoto aliibiwa, akavushwa jangwa la Sahara, akauzwa kama mbuzi sokoni. Mwaka 1876 Mapadre Weupe walimkomboa kwa fedha huko Algeria, wakamlea pamoja na wavulana wengine waliokombolewa.

Siku zile Askofu Mkuu Lavigerie alitaka Waafrika watibiwe na Waafrika wenzao. Basi mwaka 1881 wavulana wachache walipelekwa kisiwani Malta wasomee uganga katika Chuo Kikuu, na Atiman akawamo. Walimu mtakaosoma habari hii, lipimeni jambo hilo: yeye aliyekuwa bidhaa, sasa ameketi darasani pamoja na wana wa Ulaya. Lakini nafasi hiyo ilikuwa na mpaka wake. Lavigerie hakuwakusudia kuwa mapadre, wala hakutaka waishi kizungu. Wawe makatekista, waoe, wakae kati ya watu kama Waafrika. Hivyo Atiman alikuwa na elimu ambayo mapadre wengi hawakuwa nayo, bali altareni hapakuwa na mahali pake. Sisi makatekista twaijua sana hali hiyo ya kusimama mlangoni. Kuhesabiwa katika wachache kunampendeza mtu, tena kunamwuma, maana kila siku aona mlango mwingine usiokuwa wake.

Mwaka 1888 alisafiri pamoja na msafara wa Askofu Bridoux, hata mapema mwaka 1889 wakafika Karema. Hapo palikuwa boma la Wabelgiji, lililokabidhiwa kwa Misioni mwaka 1885. Alifika mgeni kabisa. Habari za Malta hazikumfaa kitu, kwa kuwa mama aliyebeba mtoto mwenye homa haulizi cheti. Huuliza kama mtoto atapona. Basi ikampasa kuanza tena kuitafuta heshima yake, mgonjwa kwa mgonjwa, naye akifundisha dini pia. Akamwoa Agnes Wansahira, akawa mtu wa Karema. Kwa maoni yetu, hapa ndipo alipostahili nafasi ile aliyopewa ujanani. Maana kuchaguliwa ni kazi ya wengine, bali kukaa miaka 67 mahali pamoja ilikuwa kazi yake mwenyewe.

Mwaka 1946 habari za maisha yake, alizoziandika mwenyewe, zilichapishwa katika jarida la Tanganyika Notes and Records, zikasomwa na watu wa mbali.

Mwanawe Yosefu akapewa upadre, akasimama altareni ambapo baba yake hakupangiwa kusimama. Mzee Atiman alifariki Karema mwaka 1956.