James Smithson: Mkusanyaji wa mawe aliyeiachia Marekani mali yake

Mkulima wa kahawa anajua kuwa buni za mti mmoja haziuzwi kwa bei moja. Zikishakobolewa hupangwa kwa madaraja, na buni kubwa isiyo na kasoro hutengwa na ile iliyovunjika. Kwenye machimbo mambo huwa kinyume. Jiwe zuri na jiwe baya huingia pamoja kwenye mtambo wa kusaga, kwa sababu kiwanda hulipia kilo za zinki, risasi au shaba zilizomo ndani, hakilipii sura.

Hata hivyo, wapo watu ambao kwa zaidi ya miaka 200 wamekuwa wakilipia sura. Hao ni wakusanyaji wa sampuli za madini, na mmoja wao ni Mwingereza James Smithson. Jina lake linafahamika duniani kote kwa sababu ya taasisi ya Smithsonian ya mjini Washington. Kwamba alikuwa mtu wa mawe, wengi hawalijui.

Smithson alizaliwa Paris, Ufaransa, yapata mwaka 1765, akiwa mtoto wa nje ya ndoa. Baba yake, Hugh Smithson, alikuwa Duke wa Northumberland na mmoja wa wenye ardhi wakubwa wa Uingereza. Mama yake, Elizabeth Macie, alikuwa mjane mwenye mali. Mtoto aliandikishwa kuwa raia wa Uingereza akiwa bado mdogo, lakini kwa sharti kwamba hatashika wadhifa wa serikali wala kupewa ardhi ya Mfalme. Kwa miaka mingi alijulikana kwa jina la Macie. Jina la baba alilichukua baada ya mama yake kufariki mwaka 1800, na mali aliyoishi nayo ilitoka zaidi upande wa mama.

Alisoma Oxford. Mwaka 1784, kabla hajahitimu, aliungana na mtaalamu wa Kifaransa Faujas de Saint-Fond katika safari ya Scotland, wakaenda hadi kisiwa cha Staffa kuangalia nguzo zake za mawe ya volkano. Alihitimu mwaka 1786, na mwaka uliofuata akachaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society ya London akiwa na umri wa miaka kama 22. Kuanzia hapo maisha yake yalikuwa ya kuzunguka Ulaya akikusanya na kupima mawe. Vita vya Napoleon vilimkuta safarini. Alikamatwa mwaka 1807 kaskazini mwa Ujerumani, akashikiliwa hadi mwaka 1809.

Mawe aliyoyakusanya yalikuwa madogo, ya kubeba sandukuni. Wamarekani walipoyafungua baadaye walikadiria kuwa yalikuwa kati ya 8,000 na 10,000, mengi yakiwa madogo lakini karibu kamili, bila kuvunjika. Ukubwa huo ulimfaa. Smithson alikuwa hodari wa kupima kitu kidogo kwa moto wa bomba la kupulizia na kemikali chache, kiasi kwamba rafiki yake mmoja alisimulia jinsi alivyowahi kukinga chozi lililokuwa likitiririka kwenye shavu la mwanamke. Nusu ya tone ikadondoka, nayo nusu iliyobaki akaichunguza kujua chumvi zilizomo. Wasomaji wetu wa kahawa watapenda kujua pia kwamba mwaka 1823 alichapisha makala kuhusu njia bora ya kutengeneza kinywaji hicho ndani ya chombo kilichofunikwa, harufu isipotee hewani.

Kazi yake kubwa aliiwasilisha Royal Society mwaka 1802, na ilihusu kalamini. Hili lilikuwa jina la kibiashara la mawe yaliyochanganywa na shaba ili kupata shaba ya njano, ile ya vitasa vya milango na vyombo. Milima ya Mendip, kusini-magharibi mwa Uingereza, ilikuwa maarufu kwa mawe hayo. Wachimbaji, wenye viwanda na hata wataalamu wengi waliyachukulia kuwa kitu kimoja. Smithson alichukua sampuli za Mendip, Derbyshire, Bleiberg nchini Austria na za Hungary ya wakati ule, akaonyesha kuwa jina moja lilikuwa limefunika madini tofauti. Ya Mendip na Derbyshire yalikuwa kabonati ya zinki. Ya Hungary yalikuwa zinki iliyoungana na silika. Ya Bleiberg nayo yalikuwa kabonati, lakini ya aina nyingine, yenye maji ndani yake.

Kwa mtu wa uchumi, umuhimu wa jambo hili hauhitaji maelezo marefu. Mnunuzi alikuwa akiuziwa vitu zaidi ya kimoja kwa jina moja, na hana namna ya kujua. Mwaka 1832, miaka mitatu baada ya Smithson kufariki, mtaalamu wa Kifaransa Beudant aliipa kabonati hiyo ya zinki jina la smithsonaiti.

Smithsonaiti ni katika kundi la madini ya upili. Mwamba wenye madini ya msingi, yaani zinki, risasi au shaba iliyoungana na salfa, ukikaa karibu na uso wa ardhi huingiliwa na maji ya mvua na hewa. Salfa huondoka, na metali huyeyuka kidogo kidogo na kuganda upya katika nyufa na mashimo ya mwamba. Huko ndani, kwa kuwa kuna nafasi, fuwele huota bila kubanwa. Ndipo zinapopatikana rangi ambazo madini ya msingi hayana: kijani cha malakiti, buluu ya azuraiti, machungwa ya wulfenaiti. Smithsonaiti tupu haina rangi, ila shaba kidogo huifanya iwe ya kijani au buluu, kobalti huipa uwaridi na kadimi huipa unjano. Mara nyingi huota kwa umbo la zabibu zilizoshikana. Fuwele zake zenye kingo safi ni adimu, na ndizo wakusanyaji huzigombea.

Tabaka hili liko juu, kwa hiyo ndilo huchimbwa kwanza na kwisha kwanza. Hapo ndipo hasara ilipo. Mgodi wa Tsumeb nchini Namibia, uliofungwa mwaka 1996, unaheshimiwa sana na wakusanyaji kwa madini ya upili, na ule wa Kabwe nchini Zambia, uliofungwa mwaka 1994, nao ulitoa sampuli nzuri. Kilichopita kwenye mtambo wa kusaga hakirudi. Huko New Mexico, Marekani, kuna mgodi wa Kelly ambako mawe ya kijani yalitupwa kwenye vifusi wakati watu wakitafuta risasi na fedha. Mwanzoni mwa karne ya 20 ikagundulika kuwa yale mawe ni smithsonaiti, na vifusi vikageuka mali ya kiwanda cha zinki. Baadaye vipande vya buluu vilivyosalia vikawa mali ya wakusanyaji. Jiwe ni lile lile, likahesabiwa takataka, kisha zinki, kisha pambo la makumbusho.

Jirani zetu wa Katanga wanaijua hesabu hii. Malakiti ya Kolwezi na Likasi huyeyushwa kupata shaba, lakini ile yenye miviringo mizuri huchongwa shanga na visanduku, na kipande kizima chenye fuwele kina mnunuzi wake. Maoni yangu ni kwamba mchimbaji mdogo akiiweka pembeni sampuli nzima, akaifunga kwa karatasi na kuandika ilikotoka, amefanya kazi ya daraja kama ile ya mkulima wa kahawa. Sampuli isiyo na maandishi ya asili yake hupoteza sehemu kubwa ya thamani.

Turudi kwa Smithson. Hakuoa. Mwaka 1826 aliandika wosia akimpa mali yake mpwa wake, na baada yake watoto wa mpwa huyo, wawe wa ndoa au wa nje ya ndoa. Kama hatakuwa na mtoto, mali yote iende Marekani kuanzisha Washington taasisi ya kukuza na kueneza elimu, yenye jina la Smithsonian. Marekani hakuwahi kufika hata siku moja. Alifariki Genoa, Italia, Juni 27, 1829. Mpwa naye alifariki mwaka 1835 bila mtoto.

Baadhi ya wabunge wa Marekani, akiwemo Seneta John C. Calhoun, walipinga kupokea zawadi ya mgeni. Walioshinda walimtuma Richard Rush kwenda London kudai mirathi mahakamani. Mwaka 1838 alirudi na sarafu za dhahabu 104,960 pamoja na masanduku ya mawe. Dhahabu ilipoyeyushwa ilipatikana dola 508,318.46.

Kilichofuata kitawafanya wanaushirika watabasamu kwa uchungu. Hazina ya Marekani ilizitia fedha hizo katika hati fungani za majimbo, nyingi zikiwa za Arkansas, nayo Arkansas ikashindwa kulipa. Rais mstaafu John Quincy Adams, wakati huo akiwa mbunge, hakukubali amana ipotee hivyo. Huku wengine wakitaka chuo, maktaba au shule ya kilimo yenye shamba la majaribio, yeye alishikilia kwanza fedha zirudishwe. Sheria ya mwaka 1846 iliilazimisha Hazina kuihesabu amana yote kama ipo, kwa riba ya asilimia 6, na mtaji usiguswe.

Mawe hayakupata mtetezi kama huyo. Januari 1865, mafundi waliokuwa wakipanga picha katika jengo la Smithsonian waliweka jiko la kupashia joto na kuingiza bomba lake kwenye uwazi wa ukuta wakidhani ni dohani. Tarehe 24 paa liliwaka. Nyaraka za Smithson na mkusanyiko wake wote wa madini viliteketea. Vitabu vyake vilisalimika.

Taasisi yenyewe ilisonga mbele. Mwaka 1909 msafara wake ulioongozwa na Theodore Roosevelt ulishuka Mombasa na kurudi na zaidi ya sampuli 11,000 za wanyama. Mwaka 1926 ilipokea mkusanyiko wa madini wa mhandisi Washington Roebling, aliyesimamia ujenzi wa Daraja la Brooklyn, wenye vipande kama 16,000. Smithsonaiti imo humo makumbushoni, japo si ile aliyoishika Smithson.

Mifupa yake ilibaki Genoa hadi wachimba mawe ya kupanulia bandari walipofika ukingoni mwa makaburi. Mwishoni mwa 1903 Alexander Graham Bell, mvumbuzi wa simu, alisafiri kwenda kuichukua, na Januari 1904 ikafika Washington, ambako imezikwa katika jengo la taasisi hiyo.