Adrian Atiman, Mganga na Katekista wa Karema

Maji ya mto Ruzizi, upitao bondeni kwetu chini ya Lubarika, hushuka mpaka Uvira na kuingia ziwani. Na ziwa hilo hilo la Tanganyika ndilo lipigalo mawimbi Karema, ng'ambo ya mashariki, mbali kusini. Huko aliishi katekista mmoja ambaye yafaa ajulikane na kila afundishaye dini katika nchi yetu. Mara nyingi sisi makatekista tunanung'unika kwamba kazi ni nzito na posho ni haba, wala mimi mwenyewe si wa mwisho katika kunung'unika. Basi, wasomaji wapenzi, na tumtazame mwenzetu huyu.

Adrian Atiman alizaliwa karibu na mwaka 1866 huko Tundurma, kando ya mto Niger, katika nchi iitwayo leo Mali. Angali mtoto alikamatwa na Watuareg, akavushwa jangwa la Sahara, akauzwa kama auzwavyo mbuzi. Yapata mwaka 1876 Mapadri Weupe walimkomboa kwa fedha huko Metlili, kusini ya Algeria, wakamlea. Aliachwa huru, lakini kwao alikuwa amekwisha kutengwa napo.

Jambo hili tusilipite upesi. Mtoto aliyenunuliwa aweza kujifunza kumtii kila mwenye fedha na kila mwenye bunduki, na imani iliyojengwa juu ya utii wa namna hiyo huanguka siku bwana aondokapo. Lakini Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa Mapadri Weupe, hakutaka ubatizo wa haraka. Alidai ukatekumeni wa miaka, ili mtu apate kuchagua mwenyewe. Atiman alichagua, na maisha yake yote yaliyofuata ni ushahidi kwamba uchaguzi ule ulikuwa wake.

Mwaka 1881 alipelekwa kisiwa cha Malta pamoja na vijana wengine Waafrika waliokombolewa, wasomee uganga katika chuo kikuu. Lavigerie alitaka waganga ambao watakuwa pia makatekista. Mwaka 1888, masomo yakiwa yamekwisha, Atiman alitumwa kwenye maziwa makuu. Alifika pwani ya mashariki, kisha akaenda kwa miguu na msafara hata ziwa Tanganyika. Fikirini: mtu aliyepata kuwa mtumwa anaingia kwa hiari katika nchi iliyojaa wafanya biashara ya watumwa, akifuata njia ambazo mateka walizipita wakishushwa pwani.

Wala hakwenda mahali pa salama. Mwaka 1881 wamisionari watatu, mapadri wawili na msaidizi wao, walikuwa wameuawa Rumonge, katika Burundi ya leo, ng'ambo tu ya upande wetu. Huku kwetu misioni ya Kibanga, iliyofunguliwa mwaka 1883, iliachwa baada ya miaka kumi. Karema yenyewe ilikuwa kituo cha Wabelgiji kilichoachiwa Mapadri Weupe mwaka 1885, nayo ilikuwa kimbilio la watu waliowaogopa watekaji. Kapteni Joubert, askari wa zamani wa Papa, alikuwa akiwalinda watu wa ng'ambo ya magharibi kwa silaha. Atiman alifika Karema mwaka 1889, na silaha yake ilikuwa dawa na katekisimu.

Akakaa. Neno ni fupi, lakini ndilo lenye uzito. Alikuwa na elimu ambayo ingempatia riziki mahali pengine, naye akabaki na cheo cha mganga katekista, akifunga vidonda, akipasua, akiwaendea wagonjwa vijijini, na kuwafundisha watu sala. Wajerumani walitawala nchi ile, wakaondoka. Vita vya mwaka 1914 hata 1918 vilifika mpaka ziwani. Waingereza wakashika utawala. Maaskofu na mapadri wakafa au wakahamishwa, wengine wakaja. Mganga alikuwa yule yule.

Sisi wa bonde la Ruzizi tunaijua taabu ya kukimbia na kurudi, na kukuta kanisa halina mlango. Tunajua pia kwamba siku ya hatari kubwa watu wengi husali. Kilicho kigumu zaidi, nadhani, ni asubuhi ya kawaida ya mwaka wa ishirini, mgonjwa akibisha na hakuna wa kukushukuru. Atiman alikuwa na asubuhi kama hizo kwa miaka sitini na zaidi.

Alimwoa Agnes Wansahira, binti wa chifu wa Wabende. Mtoto wao Yosefu akawa padri, akapewa daraja mwaka 1923; hivyo mtu aliyenyang'anywa wazazi wake akapokea Komunyo mkononi mwa mwanawe.

Atiman alifariki Karema mwaka 1956, akiwa na umri wa miaka tisini hivi. Katika mji wa Sumbawanga, Tanzania, hospitali ya Kanisa inaitwa kwa jina lake.