Sheikh Abdallah Saleh Farsy na Kitabu Kilichomo Nyumbani kwa Jirani

Katika nyumba tulizokaribishwa hapa Kibiti, na katika vijiji vya delta ya Rufiji ambako mtu hufika kwa mashua akingoja maji yajae, tumezoea kukiona kitabu kimoja kikubwa kimewekwa mahali pa juu, pengine kimefunikwa kitambaa. Ni Qurani Takatifu, tafsiri ya Kiswahili ya Sheikh Abdallah Saleh Farsy. Waamini wetu wengi wamekiona. Ni wachache waliowahi kuuliza aliyekiandika alikuwa nani.

Mwaka jana, katika matanga ya jirani, mzee mmoja mwalimu wa madrasa alituuliza kwa upole kwa nini Wakristo hatukubali kwamba Muhammad ametajwa katika Injili ya Yohane. Kabla hatujafungua kinywa, kijana mmoja wa kwaya yetu alimjibu kwa mistari aliyoikariri, mzee akajibu kwa mingine, sauti zikapanda, na wafiwa wakabaki wanatazama chini. Tulirudi nyumbani na aibu. Hapo tuliona kwamba tunawafundisha vijana wetu majibu kabla hatujawafundisha namna jirani anavyosoma.

Sheikh Farsy alizaliwa Unguja mwaka 1912, katika ukoo wenye asili ya Oman. Unguja ya siku hizo haikuwa mbali na Rufiji: majahazi yalipakia boriti za mikoko katika delta na kuzipeleka huko, na pamoja na biashara vilisafiri vitabu na walimu. Alisoma kwa wanavyuoni wa Kishafi wa kisiwani, miongoni mwao Sayyid Umar bin Sumayt, akawa pia mwalimu wa shule za serikali. Pengine ualimu huo ndio uliomfanya aandike vijitabu vingi vya dini kwa Kiswahili chepesi, wakati ambapo elimu hiyo ilikuwa bado imefungwa ndani ya Kiarabu. Mwaka 1960 akawa kadhi wa Zanzibar. Baada ya Mapinduzi alihamia Kenya, na kuanzia mwaka 1968 akawa Kadhi Mkuu wa nchi hiyo. Alifariki Muscat mwaka 1982.

Kazi yake kubwa haieleweki bila kumtaja padre mmoja wa Kianglikana. Godfrey Dale, aliyefanya utume Zanzibar, alichapisha mwaka 1923 tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili pamoja na maelezo. Alijua Kiarabu, na hakuwa mtu wa matusi. Lakini nia yake ilikuwa kuwapa wahubiri wa Kikristo silaha ya kuwajibu Waislamu, na wasomaji wa Kiislamu walilitambua hilo mara moja. Mwaka 1953 ikatoka tafsiri ya Waahmadiya, ambao kwa kawaida huitwa Makadiani. Sheikh Farsy aliona kitabu chake kitakatifu kimesemeshwa Kiswahili mara mbili na watu ambao, kwa imani yake, hawakukielewa. Tafsiri yake kamili, iliyotolewa Nairobi mwaka 1969 na Islamic Foundation, ni jibu kwa wote wawili.

Hapa pana jambo ambalo Wakristo wengi hawalijui. Makadiani hufundisha kwamba Yesu alikwisha kufa kifo cha kawaida. Sheikh Farsy, kama Wasuni walio wengi, alishika kwamba Isa yu hai, aliinuliwa kwa Mungu, naye atarudi. Kwa hiyo shehe huyo alitumia wino mwingi kutetea kwamba Mwana wa Maria yu hai mbinguni. Msalaba aliukana, na hapo njia zetu zinaachana kabisa. Lakini si haba.

Basi Mwislamu aliyelelewa na mapokeo hayo huisomaje Biblia? Kwake Torati, Zaburi na Injili viliteremshwa na Mungu, na kumkana Musa au Isa ni kuiacha imani. Lakini Injili anayoiamini ni kitabu kimoja alichopewa Isa. Akifungua Agano Jipya anakuta Injili kama ilivyoandikwa na Mathayo, na Marko, na Luka, na Yohane, naye huona hapo ushahidi kwamba ile ya asili haipo. Wanavyuoni wao wenyewe hawakukubaliana juu ya kugeuzwa kwa Maandiko. Ibn Hazm wa Cordoba, aliyefariki mwaka 1064, alisema maneno yenyewe yaliharibiwa. Wengine, kama al-Razi, walielekea kusema kilichopotoshwa ni maana. Katika karne ya 15, al-Biqai wa Cairo alitumia Biblia kuieleza Kurani, akalaumiwa sana na wenzake.

Kwa vyovyote, Kurani ndiyo kipimo. Kinachopatana nayo katika Biblia hupokelewa, kisichopatana huachwa. Ndiyo maana Msaidizi aliyeahidiwa katika Yohane 14 husomwa kuwa Muhammad, na nabii aliye mfano wa Musa katika Kumbukumbu la Torati 18 vilevile. Sisi tunajua kwamba Msaidizi huyo ni Roho Mtakatifu, na kwamba nakala za kale za Kigiriki, za karne nyingi kabla ya Muhammad, hazina jina jingine. Hilo tutalisema bila woga.

Lakini tuwe wakweli. Mtume Petro, katika Matendo 3, anautumia mstari uleule wa Kumbukumbu la Torati kwa Kristo. Myahudi anayetusikia huona tumechukua kitabu chake na kukisoma kwa ufunguo wetu. Tunaamini ufunguo huo ni wa kweli, kwa kuwa ni Bwana mfufuka; hata hivyo Myahudi huumia, kama Mwislamu alivyoumia mbele ya maelezo ya Dale, na kama kijana wetu alivyoumia katika matanga yale. Mistari haikuweza kuwapatanisha mzee na kijana, maana swali halikuwa mstari. Swali lilikuwa Neno la Mungu ni nini: kwa mmoja ni Kitabu kilichoteremshwa, kwa mwingine ni Nafsi aliyefanyika mwili, na vitabu vinne ni ushuhuda uliovuviwa wa waliomjua.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko Nostra Aetate la tarehe 28 Oktoba 1965, unatutaka tuwatazame Waislamu kwa heshima na kutafuta kuelewana kwa moyo mnyofu. Miaka ya 1980, mihadhara ya hadharani ya Biblia na Kurani ilipoenea nchini, pande zote mbili tulisoma zaidi ili kushinda. Baadhi ya vijana wetu bado wanaigiza mihadhara ile.

Baada ya arobaini tulimrudia mzee yule na kumwomba alete Farsy wake, nasi tukaleta Biblia. Tulianza na sura ya Mariamu, kisha Luka sura ya kwanza, kila mmoja akieleza anavyosikia. Kijana wa kwaya alikuwapo, ameagizwa kusikiliza tu. Tulipofika kwenye habari ya msalaba mzee alikifunga kitabu chake polepole, akasema hilo tutalizungumza siku nyingine. Maji yalikuwa yamejaa, na mwenye mashua alikuwa anatuita.