Mzee Mandela na Vita Asivyovificha

Hapa Bujumbura jina la Nelson Mandela si geni. Baada ya Mwalimu Nyerere kufariki Oktoba 1999, Mzee huyo ndiye aliyeushika usukani wa upatanishi wa Burundi, na chini ya uongozi wake Mkataba wa Arusha ukatiwa saini tarehe 28 Agosti 2000. Mwaka huohuo aliingia gereza la Mpimba kuwaona wafungwa, yeye aliyepata kufungwa miaka 27.

Alizaliwa tarehe 18 Julai 1918 kijijini Mvezo, Afrika Kusini. Mwaka 1961 alikuwa miongoni mwa waasisi wa jeshi la Umkhonto we Sizwe, na mwaka 1962 alijifunza mbinu za kivita nchini Ethiopia. Kwa hiyo sisi tuvaao sare twamhesabu kuwa mwenzetu. Lakini viko vita vyake vingine, ambavyo wanaume wengi huona haya kuvitaja.

Novemba 1985, akiwa bado mfungwa, alipasuliwa mjini Cape Town kwa kuwa tezi dume yake ilikuwa imekua. Tezi hiyo hukaa chini ya kibofu, na ikikua huzuia mkojo. Kukua huko si saratani. Ila upasuaji wa namna hiyo kwa kawaida huacha sehemu ya tezi, na saratani yaweza kuzuka humo baadaye.

Ndivyo ilivyokuwa. Julai 2001, mwezi ambao viongozi wa Burundi walikubaliana juu ya serikali ya mpito, Mzee wa miaka 83 aligunduliwa kuwa na saratani ya tezi dume. Hakuificha. Habari ilitangazwa wazi, naye akatibiwa kwa mionzi muda wa majuma saba. Tarehe 1 Novemba 2001 alikuwa hapa Bujumbura, serikali hiyo ikiapishwa. Aliishi miaka 12 zaidi, na alipofariki tarehe 5 Desemba 2013 aliondoka kwa maradhi ya mapafu.

Ndugu askari na polisi, adui huyu hunyemelea kimya. Mwanzoni aghalabu hana dalili. Mwenye umri wa miaka 50, au 45 ikiwa baba au ndugu yake aliugua, na amwone daktari, wazungumze faida na hasara za kupima. Hupimwa damu, na pengine daktari huigusa tezi kwa kidole. Shaka ikizidi, kipande kidogo cha tezi hutazamwa kwa darubini. Matibabu ni mengi: upasuaji, mionzi, dawa za kupunguza homoni; na saratani iendayo polepole yaweza kuangaliwa tu kwa vipimo vya mara kwa mara.

Mlinzi hodari hangoji adui avuke lango. Aliyewapatanisha Warundi hakuona haya kupimwa, nasi tusione.