ABUL WAFA AL-BUZJANI: MWANACHUONI ALIYEKAA NA MAFUNDI



Ndugu wanafunzi, wengi wenu mnaposomeshwa mraba, mstatili na rombasi huuliza: maumbo haya yana faida gani? Tumeona tuwaletee maisha ya mwanachuoni aliyelijibu swali hilo kwa vitendo.

Abul Wafa alizaliwa mwaka 940 (328 Hijria) katika mji mdogo wa Buzjan, Khurasan, ambao leo upo nchini Iran. Hesabu alifundishwa na ami yake na mjomba wake. Mwaka 959, akiwa kijana wa miaka 19, alihamia Baghdad, akaishi huko akisomesha, akiandika na kuchunguza nyota. Mwaka 997 alishirikiana na Al-Biruni, aliyekuwa mbali sana katika mji wa Kath, kutazama kupatwa kwa mwezi. Kwa kulinganisha saa zao walipata tofauti ya longitudo ya miji yao.

Pamoja na daraja hiyo, aliwaandikia mafundi kitabu cha maumbo wanayoyahitaji katika kazi zao. Humo ameeleza mkutano wa mafundi na wanahisabati uliojadili jinsi ya kupata mraba mmoja kutokana na miraba mitatu iliyo sawa, bila ya kupoteza kipande. Baadhi ya njia za mafundi zilipendeza machoni lakini hazikuwa sahihi. Wanahisabati nao walijua uthibitisho, ila hawakujua kukata.

Hapa tukumbuke kwamba pembenne yenye pande nne sawa si lazima iwe mraba. Huenda ni rombasi iliyoinama. Mraba ni lazima pia kila pembe yake iwe nyuzi 90. Jicho hudanganyika kwa tofauti ndogo, na fundi akidanganyika, vigae vya ukuta mzima havitakutana.

Abul Wafa akatoa njia hii. Kata miraba miwili kwa ulalo, upate pembetatu nne. Weka mraba wa tatu katikati. Laza upande mrefu wa kila pembetatu kwenye upande mmoja wa mraba, ncha yake ikianzia konani, na zote zielekee mzunguko mmoja. Kisha unganisha kwa mistari zile kona nne za nyuzi 90 za pembetatu. Vipande vinavyotokeza nje ya mistari vikate, vitajaza sawasawa mapengo ya ndani. Mraba unaopatikana una eneo la miraba mitatu kamili. Jaribuni nyumbani kwa karatasi ngumu na mkasi, wazazi nao washiriki.

Alifariki Baghdad mwaka 998. Leo shimo moja kubwa la mwezini limepewa jina lake.

Tunalojifunza ni kwamba hakuwadharau mafundi kwa kukosa uthibitisho, wala hakuwaacha na makosa yao kwa kuwaonea haya. Aliwaonyesha kosa, kisha akawapa njia inayoweza kushikwa kwa mkono. Nasi tukisoma tusitosheke na kinachoonekana sawa, na tukishajua tuwafikishie wanaohitaji, kwani elimu ni amana.

Tunamuomba Allah (S.W.) amrehemu na atujaalie elimu yenye manufaa. Amin.