Abdul Muttalib: Babu aliyelea yatima uzeeni

Mijini kwetu nyumba nyingi zina bibi au babu anayelea wajukuu. Wapo walioachiwa na mauti, wapo walioachiwa na wazazi waliokwenda kutafuta maisha. Tunawasifu wazee hawa, lakini ni nani anayewasaidia? Tumtazame babu yake Mtume (s.a.w.).

Abdul Muttalib jina lake hasa ni Shaybah bin Hashim. Naye alikuwa yatima. Hashim alifia safarini Gaza, na mtoto akalelewa Yathrib na mama yake, Salma wa Banu Najjar, mpaka ami yake Muttalib alipomchukua Makka. Alipokuwa mtu mzima aliongoza ukoo wake, akawanywesha mahujaji maji, na ndiye aliyekifukua upya kisima cha Zamzam.

Mwanawe Abdullah akafariki Yathrib, mkewe Amina akiwa mjamzito. Mtoto alipozaliwa, babu ndiye aliyempa jina la Muhammad. Miaka sita baadaye Amina naye akafia Abwaa njiani, na Umm Ayman akamrudisha mtoto Makka kwa babu yake.

Mzee alikuwa akitandikiwa busati kivulini mwa Kaaba, na wanawe hawakuthubutu kulikalia kwa heshima yake. Mjukuu akija hukaa hapo hapo. Ami zake wakitaka kumwondoa, mzee huwakataza na kumpapasa mtoto mgongoni.

Ndugu msomaji, zingatia mambo mawili. Kwanza, mzee huyu hakuachiwa mzigo peke yake. Umm Ayman alikuwapo kumhudumia mtoto kila siku. Pili, alijua kuwa umri umekwenda, hivyo kabla ya kufa alimkabidhi mtoto kwa Abu Talib, aliyechangia na Abdullah baba na mama. Abu Talib hakuwa tajiri na alikuwa na watoto wake, lakini alipokea. Mtoto alikuwa na miaka minane tu.

Sisi je? Bibi ana presha, miguu inamuuma, na bado anaamka alfajiri kutafuta ada na uji. Watoto wake wazima wapo mjini, wanampigia simu sikukuu hadi sikukuu. Kumpelekea mama mjukuu bila matumizi si kumheshimu, ni kumchosha. Na kila familia iamue leo, mzee akiwa hai, nani atakayempokea mtoto kesho. Tusingoje kujadiliana matangani.

Wallahu a'lam.