Codd na Faili Lililojirudia

Wiki ya kukabidhi projekti nilikesha nikipambana na orodha moja tu: faili lipi linategemea lipi. Faili moja lilitokea mara 3. Nikaongeza amri ya kuficha marudio, nikajiona fundi. Kesho yake hesabu zikagoma kulingana. Ndipo nikamsoma Edgar Codd.

Alizaliwa 1923 kisiwani Portland, Uingereza, akasoma hisabati na kemia Oxford, akawa rubani Vita vya Pili vya Dunia. Mwaka 1948 alihamia New York, akaajiriwa na IBM. Mwaka 1970 akapendekeza data ikae kwenye majedwali, kila jedwali likiwa seti: hakuna mistari miwili inayofanana, na kila mstari una ufunguo wake. IBM, iliyokuwa tayari ikiuza mfumo wake wa IMS, ilijivuta. Hata SQL ilipokuja iliruhusu marudio, na Codd hakuacha kulipinga jambo hilo. Alipata Tuzo ya Turing 1981, akafariki 2003.

Nikarudi kwenye jedwali langu na swali lake: nini kinautambulisha mstari huu? Kumbe hakikuwepo kitu! Kila programu ilipokagua mafaili upya, iliingiza utegemezi uleule tena. Nikafuta ya ziada, nikafanya jozi ya faili na tegemezi lake kuwa ufunguo. Ukaguzi uliofuata ulipojaribu kurudia, kanzidata ikakataa.

Kwa hiyo mwenzangu, orodha ikijirudia usikimbilie kuficha. Tafuta mlango yanakoingilia, uufunge.